Usiiuze mashine ya babu kwa kilo

Huenda katika stoo ya nyumba yenu ya mashambani, au nyuma ya karakana ya jamaa fulani, kuna mashine kuukuu iliyofunikwa gunia. Ina meza ndogo ya chuma, mabomba mawili marefu yaliyolala sambamba, na kichwa kizito kilichokwama mahali pamoja kwa kutu. Kuku wametaga chini yake, na watoto wameigeuza farasi. Kila mara mnunuzi wa vyuma vikuukuu apitapo na mizani yake, mmoja wa jamaa husema, "Hiki nacho kichukuliwe, kinatujazia nafasi tu."

Ngoja kwanza. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kabla ya kuikubali bei ya kilo, ni vyema uelewe ulicho nacho, uweze kuamua mwenyewe kama ni mzigo wa kutupwa au ni kazi ya kijana wa nyumba hiyo. Aidha, ni muhimu uelewe pia jambo ambalo wengi hulisahau: mashine iliyofufuliwa ovyo inaweza kumkata mtu vidole siku ya kwanza tu inapowashwa. Kwa hivyo makala haya yatakuonyesha pande zote mbili.

MASHINE MOJA, KAZI TANO

Tuchukue mfano wa mashine inayojulikana zaidi miongoni mwa zile zinazofanya kazi nyingi: Shopsmith ya Marekani. Mbunifu wake aliitwa Hans Goldschmidt, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Aina ya kwanza kuuzwa kwa wingi, iliyopewa jina la 10ER, ilitoka mwaka wa 1947 chini ya kampuni ya Magna Engineering.

Wakati huo haukuja kwa bahati. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha mwaka wa 1945, na mamilioni ya wanajeshi walikuwa wamerejea makwao. Walioa, wakajenga nyumba ndogo ndogo kandokando ya miji, na wengi wao walitaka kujitengenezea makabati na viti badala ya kununua. Taabu ilikuwa nafasi. Mtu mwenye gereji ya gari moja angeweka wapi msumeno, mashine ya kutobolea na mashine ya kukerezea?

Jibu la Goldschmidt lilikuwa rahisi kueleza ingawa gumu kubuni: mota moja, kichwa kimoja, kazi tano. Ukifunga msumeno wa mviringo wa inchi 8 kwenye mhimili, unapasua mbao. Ukiuondoa na kufunga sahani ya msasa ya inchi 12, unalainisha. Ukibana gogo kati ya ncha mbili, unakereza mguu wa kiti. Ukifunga keekee, unatoboa kwa ulalo. Na ukiyainua mabomba yote mawili yakasimama wima, mashine hiyo hiyo inageuka ya kutoboa kutoka juu kwenda chini.

Mashine hizo ziliuzwa katika maduka ya Montgomery Ward, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka wa 1872 na kufunga milango yake mwaka wa 2001. Mwonyeshaji alisimama dukani, akapasua, akatoboa na kukereza mbele ya wateja, nao walizinunua kwa makumi ya maelfu. Mwaka wa 1953 ikaja aina mpya, Mark 5, ambayo mota yake imefichwa ndani ya kichwa, na kasi yake hubadilishwa kwa kuzungusha kitasa tu. Mwaka wa 1972 utengenezaji ulifufuliwa mjini Dayton, jimbo la Ohio.

Marekani haikuwa peke yake. Huko Derby, Uingereza, kulitengenezwa Coronet Major, na karibu na mji wa Nottingham kampuni ya Myford ikatengeneza ML8, mashine ya kukereza inayoweza kuongezewa msumeno na vifaa vingine. Kwa hivyo ukipata mashine isiyo na jina la Shopsmith, usikate tamaa. Kanuni za kuifufua ni zile zile.

JE, INASTAHILI KUFUFULIWA?

Swali hili lijibiwe kabla ya kununua hata chupa moja ya mafuta. Chukua karatasi na kalamu, keti mbele ya mashine, ujibu mambo matano.

Kwanza, je, kuna ufa? Safisha vumbi kisha utazame kwa kurunzi kwenye kichwa, kwenye miguu ya meza na mahali palipobanwa bolti. Kutu ni ugonjwa unaotibika, lakini chuma cha kusubu kilichopasuka ni mfupa uliovunjika. Kinaweza kuungwa na fundi hodari, ila kamwe usikiamini mahali panaposhika msumeno.

Pili, je, mhimili unazunguka? Uzungushe kwa mkono. Ukiwa mgumu, pengine ni grisi iliyoganda kwa miaka mingi. Ukizunguka huku ukikwaruza, beringi zimekwisha. Sasa ushike uutikise juu na chini. Ukicheza, uliza kama ni beringi au ni mhimili wenyewe uliolika. Beringi hununuliwa, mhimili huchongwa, na kuchonga ni gharama.

Tatu, je, mabomba yamenyooka? Weka rula ndefu juu yake utazame mwanga unaopita chini. Bomba lililopinda haliwezi kunyooshwa likawa sawa kabisa, na kichwa hakitateleza juu yake.

Nne, je, vipande vyote vipo? Hapa ndipo wengi huangukia. Mashine ya kazi tano bila vishikio vya msumeno, bila ncha za kukerezea na bila kibanio cha keekee ni mashine ya kazi sifuri. Tafuta kila kopo na kila sanduku lililo karibu. Mara nyingi vipande hivyo vimetupwa pamoja na misumari, na hakuna ajuaye ni vya nini.

Tano, utafanyia nini? Kama nia yako ni kupasua plaiwudi za futi 8 kwa 4 kutwa nzima, mashine hii si yako. Meza yake ni ndogo na ubao mkubwa utakushinda. Kama unataka kutengeneza stuli, fremu za picha, miguu ya meza, mwiko na vibao vya kukatia mboga, basi imekuja penye kazi yake.

Jumlisha sasa bei za vitu utakavyonunua: mota, beringi, mkanda, msumeno, waya na swichi. Ulinganishe na bei ya kununua msumeno mdogo na mashine ya kukereza. Iwapo kufufua kunapita nusu ya gharama ya kununua, kaa chini ufikirie tena, isipokuwa kama thamani yake kwenu ni ya kumbukumbu, ambayo haina bei.

KUIFUNGUA BILA KUIVUNJA

Haraka haraka haina baraka. Kabla ya kugusa nati moja, piga picha kila upande kwa simu. Kisha tafuta vikopo au mifuko midogo na uandike juu yake: "bolti za meza", "skrubu za kichwa", na kadhalika. Baada ya wiki tatu utakuwa umesahau yote, lakini picha na vikopo havisahau.

Bolti iliyokwama isilazimishwe. Idondoshee mafuta mepesi, ungoje usiku kucha, uigongegonge kidogo kwa nyundo, kisha ujaribu tena kesho. Spana isiyotosha sawasawa hulainisha pembe za bolti, na baada ya hapo kazi ya dakika 1 huwa ya siku nzima. Jihadhari pia na springi iliyokunjwa ndani ya kichwa, ile inayourudisha mhimili juu wakati wa kutoboa. Imebana nguvu nyingi. Ukiifungua bila kuishika inaweza kufyatuka na kukukata mkono au kukurukia usoni.

Neno moja kuhusu rangi. Rangi nyingi za miaka ya 1940 na 1950 zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu na hudhuru hasa akili za watoto wadogo. Kwa sababu hiyo usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, uikwangue ikiwa na unyevu, ukusanye takataka zote kwenye gazeti na kuzifunga. Watoto na akina mama wajawazito wawe mbali, na nguo ulizovaa zisifuliwe pamoja na za wengine. Kama rangi bado imeshika vizuri, iache ilivyo. Mashine haifanyi kazi kwa urembo.

VITA DHIDI YA KUTU

Chukua sumaku kwanza uiguse kila sehemu. Ikinata, hicho ni chuma. Isiponata, huenda ni aluminiamu au madini mengine laini, nayo matibabu yake ni tofauti.

Vipande vidogo vya chuma, kama vile nati na skrubu, vilaze katika siki usiku mmoja. Asubuhi utavikuta vyeusi; visugue kwa brashi ya waya, vioshe kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, vikaushe papo hapo na kuvipaka mafuta. Ukivisahau ndani ya siki kwa wiki nzima, siki itaanza kula chuma chenyewe. Aluminiamu usiitie siki wala magadi. Isafishe kwa sabuni na maji ya vuguvugu.

Mabomba mawili ndiyo reli ya mashine nzima. Yapake mafuta ya taa, uyasugue kwa sufu ya chuma ile ya kusugulia sufuria, kisha umalizie kwa msasa laini wa nambari 400, ukizunguka bomba wala si kwa kwenda na kurudi mahali pamoja. Yakiwa yameng'aa, yafute yakauke kabisa na kuyapaka nta, sio grisi. Sababu ni nini? Grisi hushika vumbi la mbao na kuwa kama gundi. Zaidi ya hayo, kichwa hukazwa kwa kubana bomba, na bomba lenye grisi halibaniki. Kichwa kinaweza kuteleza wakati unafanya kazi.

Meza nayo ipakwe nta. Ubao huteleza juu yake kwa urahisi, na mtu asiyelazimika kuusukuma kwa nguvu hana hatari kubwa ya kuteleza na kuangukia msumeno.

BERINGI, MKANDA NA SUALA LA INCHI

Beringi zimechapishwa nambari pembeni. Kwa mfano, 6203 maana yake ni tundu la milimita 17, upana wa nje milimita 40 na unene milimita 12. Nambari hiyo ni ile ile Nairobi, Tokyo na Chicago. Basi nenda dukani na nambari, au na beringi yenyewe mfukoni, wala usikisie. Unapoitia mpya mahali pake, sukuma ule mzingo unaobana. Ukigonga mzingo wa ndani ili kulazimisha wa nje uingie, unaziumiza goli zilizo katikati, na beringi mpya itaanza kulia kabla ya mwezi kwisha.

Jambo linalowatesa mafundi wetu ni vipimo. Mashine za Marekani hutumia inchi, ilhali bolti nyingi madukani ni za milimita. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa takriban milimita 7.94, ile ya M8 ina milimita 8. Ukizitazama ni mapacha, lakini nyuzi zake haziko sawa. Ile ya kwanza ina nyuzi 18 katika kila inchi 1, yaani umbali wa milimita 1.41 kati ya uzi na uzi, na M8 ya kawaida ina milimita 1.25. M8 itaingia mizunguko miwili, itakaza, nawe utadhani ni kutu. Ukiongeza nguvu, utakuwa umekata nyuzi za kichwa ambacho hakinunuliki tena. Bolti ikikataa kwa mkono, isimame hapo.

Kipande kilichopotea si mwisho wa safari. Mafundi wa jua kali wa Kariobangi Light Industries hapa Nairobi huchonga vyuma na kusubu aluminiamu kila siku. Wapelekee sampuli au mchoro wenye vipimo. Ila kipande kinachoshika msumeno kichongwe na fundi mwenye mashine ya kukereza chuma na kipimo cha kusoma sehemu ndogo za milimita.

UMEME: HAPA USIFANYE MZAHA

Kama mashine yako ilitoka Marekani, au una jamaa aliye huko anayetaka kukutumia moja katika kontena, sikiliza vizuri. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na mapigo 60 kwa sekunde. Wetu Kenya ni wa volti 240 na mapigo 50. Ukiichomeka mota yake moja kwa moja ukutani, itaungua.

"Nitatumia transfoma," utasema. Transfoma hushusha volti tu, haiongezi mapigo. Mota iliyozoea mapigo 60 ikipewa 50 hupungua kasi kwa sehemu moja katika kila sita, na hupata joto zaidi. Mota ya kuzunguka mara 1,725 kwa dakika itazunguka takriban mara 1,440. Kwa kazi ya kila siku ni afadhali ununue mota ya hapa, ya volti 240, yenye nguvu ya kiasi cha farasi 3/4 hadi 1. Hili ni rahisi katika aina ya 10ER ambayo mota yake iko nje. Katika Mark 5, ambayo mota iko ndani ya kichwa, mtafute fundi aliyebobea.

Angalia mambo mawili unapoinunua. La kwanza ni kasi. Chagua inayozunguka kati ya mara 1,400 na 1,450 kwa dakika. Dukani wataweza kukuuzia pia ya mara 2,850. Ukiifunga hiyo kwenye puli zile zile, kila kitu kitazunguka zaidi ya mara moja na nusu ya kasi iliyokusudiwa na waliounda mashine, na gogo linalokerezwa linaweza kupasuka na kuruka. La pili ni unene wa mhimili wa mota. Puli ya Kimarekani yenye tundu la inchi 5/8 haitaingia kwenye mhimili wa milimita 19, na kwenye ule wa milimita 14 italegea. Tafuta puli yenye tundu sahihi, ama umpe fundi aipanue.

Waya za zamani zitolewe zote. Mpira uliozifunika umekauka na hupasuka ukiukunja. Mashine nyingi za miaka hiyo zilikuwa na waya mbili tu, bila ule wa kwenda ardhini. Tumia waya wa nyuzi tatu, plagi ya miguu mitatu, na ule wa kijani na manjano ufungwe kwa nguvu kwenye mwili wa chuma wa mashine. Huo ndio unaotenganisha mshtuko na mazishi. Na ukiona kopo dogo la mviringo juu ya mota, usiliguse ovyo. Ni kapasita, nayo huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kung'olewa. Mwachie fundi wa umeme.

Swichi nayo ichaguliwe kwa kuzingatia tabia ya umeme wetu. Stima hupotea katikati ya kazi, ukatoka nje kuzungumza na jirani, ukasahau kuzima. Stima ikirudi, msumeno unaanza kuzunguka peke yake huku mtoto akiwa ameegemea meza. Kuna swichi ambazo umeme ukipotea hujizima, na haziwaki tena mpaka mtu abonyeze. Nunua hiyo hata kama bei yake iko juu kidogo.

KUINYOOSHA

Mashine safi yenye mota mpya bado si mashine iliyopona. Lazima msumeno uwe sambamba na meza, la sivyo ubao utabanwa nyuma ya msumeno na kurushwa kuelekea tumboni mwako.

Fanya hivi plagi ikiwa imeng'olewa. Tia alama ya chaki kwenye jino moja la msumeno. Lilete mbele, pima umbali kutoka jino hilo hadi kwenye mfereji wa meza. Zungusha msumeno kwa mkono hadi jino lile lile liwe nyuma, kisha upime tena. Vipimo viwili viwe sawa. Tofauti ya nusu milimita tayari ni kubwa. Legeza bolti za meza, uisogeze kidogo kidogo, ukaze na kurudia. Tunatumia jino moja kwa sababu msumeno wenyewe unaweza kuwa umepinda kidogo, na ukipima meno mawili tofauti utakuwa unapima kasoro ya msumeno badala ya meza.

Kisha chukua guni la seremala, uhakikishe meza na msumeno vimesimama pembe ya nyuzi 90. Katika Shopsmith si msumeno unaolala unapotaka kupasua kwa mshazari, bali ni meza inayoinama. Kwa hivyo angalia kwamba kibanio cha meza kinakaza kweli kweli, maana ubao ulio kwenye meza iliyoinama hutaka kuteleza.

Mwisho, iwashe bila ubao, ukiwa umesimama kando. Meno ya msumeno yaliyo upande wako yawe yanashuka kuelekea mezani. Yakipanda, mota inazunguka kinyume. Zima na umwite fundi wa umeme abadilishe.

VIDOLE HAVIUZWI DUKANI

Hebu tupige hesabu ndogo, na wanafunzi waifanye pia daftarini. Msumeno wa inchi 8 una kipenyo cha sentimita 20.3, hivyo mzingo wake ni takriban sentimita 64. Ukizungushwa mara 3,400 kwa dakika, kila jino husafiri zaidi ya mita 2,100 kwa dakika moja. Hiyo ni takriban kilomita 130 kwa saa. Matatu huwekewa kidhibiti ili isipite kilomita 80, nayo ina breki na dereva. Jino la msumeno halina vyote viwili.

Kwa hivyo zingatia haya. Kikinga cha juu ya msumeno kiwepo daima. Mashine nyingi kuukuu zimekipoteza, na kukitengeneza upya ni sehemu ya ufufuzi, si pambo. Nyuma ya msumeno pawe na kipande chembamba cha chuma kinachozuia ubao usiubane. Mkono usikaribie msumeno. Tumia kijiti cha kusukumia. Usivae glavu, tai, saa, wala shati lenye mikono mirefu inayoning'inia, na nywele ndefu zifungwe nyuma. Mama aliyejifunga leso asikaribie mhimili unaozunguka. Glavu humlinda mtu na vibanzi, lakini ikinaswa huvuta mkono mzima.

Miwani ya kukinga macho na kitambaa cha kuzuia vumbi puani ni lazima. Unapokereza kitu kikubwa kama bakuli, anza kwa kasi ya chini kabisa, usimame kando ya mstari ambako kinaweza kurukia. Na kila unapobadilisha kutoka kazi moja hadi nyingine, ng'oa plagi kwanza. Mashine ya kazi tano hubadilishwa mara nyingi kwa siku, na ajali hupenda mazoea.

ITAWALIPA NINI?

Ukweli usemwe: mashine moja inayofanya kazi tano haifanyi hata mbili kwa wakati mmoja. Fundi hodari hupanga. Hupasua mbao zote kwanza, kisha hutoboa zote, ndipo akereze. Anayekwenda ovyo hutumia nusu ya siku akifungua na kufunga. Lakini mpango huo huo ni somo kwa kijana. Humfundisha kufikiria kiti kizima kabla ya kukata ubao wa kwanza.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, shule ziliambiwa zifundishe sanaa na ufundi, na wazazi wakachangia karakana. Katika shule nyingi jengo lilipatikana bila vifaa. Mtaala wa sasa wa umilisi nao unasisitiza mtoto atende kwa mikono yake. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe yuko kwenye simu tangu asubuhi hadi usiku ana jibu moja ndani ya gunia lile la stooni. Kusafisha kutu, kuandika nambari za beringi, kupiga hesabu za kasi na kupima nusu milimita: hayo ni hisabati, sayansi na subira kwa pamoja. Mtoto wa miaka 10 anaweza kusugua nati na kupanga vikopo. Wa miaka 16 anaweza kupima na kukaza chini ya uangalizi. Kuwasha msumeno kuwe kwa aliyefunzwa na fundi, na asiwe peke yake karakanani.

Kijana akiipenda kazi hiyo, milango ipo. Vyuo vya ufundi hufunza useremala, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi na kuwapa vyeti vya viwango mbalimbali. Mafundi wa Gikomba na wa kando ya barabara ya Ngong wamelisha familia kwa vitanda na viti. Mguu wa meza uliokerezwa vizuri hauhitaji tangazo.

Baada ya kufufuka, mashine haidai mengi. Pangusa vumbi la mbao kila jioni. Paka nta mezani na kwenye mabomba mara moja kwa mwezi, na kila wiki kama uko Mombasa au Malindi ambako hewa ya bahari hula chuma. Tazama mkanda kama umepasuka. Noa msumeno kabla haujaanza kuchoma mbao, kwa maana msumeno butu humlazimisha mtu kusukuma, na anayesukuma huteleza.

Basi mnunuzi wa vyuma akipita tena wiki hii, mpe mabati yaliyotoboka na fremu ya baiskeli iliyopinda. Hiyo nyingine mwambie bado unaitazama. Chukua kurunzi, sumaku na kalamu, ujibu yale maswali matano. Likitoka jibu la hapana, iuze bila majuto, kwani hata chuma chake kitayeyushwa kiwe kitu kingine. Likitoka jibu la ndiyo, anza na vikopo vya bolti Jumamosi hii, na mtoto mmoja akushikie tochi.